Mlinzi Niliyemwomba

Kuna watu huona haya kwa jambo walilolifanya wakiwa wamelewa. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu, nimeoga, nimevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, na nchi nzima ilikuwa inanitazama.

Naitwa Heath Zerner. Kama unafuatilia kriketi, unanijua kwa sentensi moja: mchezo wa mchana uchezwe mchana. Niliisema redioni, magazeti yakaidaka, mwisho ikachapishwa kwenye fulana. Mechi za Test, zile za siku tano, zilipoanza kuchezwa hadi usiku chini ya taa, mimi ndiye niliyezipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Mara mbili nilikataa kuchezea nchi mechi za namna hiyo, nikasema ni kwa msimamo. Mzee mmoja alinishika mkono pale sokoni Adelaide akaniambia watu wenye msimamo wamekwisha, nimebaki mimi. Nilimshukuru.

Msimamo wangu ulikuwa huu: mpira siuoni.

Macho yangu hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mama alijua tangu siku niliporudi shuleni na picha ya mbwa wa kijani, akanikataza kumwambia mtu, maana baba alikuwa ameshaninunulia gongo la kriketi. Mpira mwekundu wa mchana nilijifunza kuukamata kwa weusi wake, na nikaukamata vizuri, nisijipunje. Lakini mpira wa usiku ni wa rangi ya waridi. Jua linapozama, na taa bado hazijashika sawasawa, mpira ule kwangu unayeyukia kwenye nyasi. Unatoka mkononi mwa mrushaji, haupo, halafu umeshafika.

Sasa nikueleze kuhusu Brenton Pascoe. Alikuwa dereva wa lori la nafaka kutoka mji mdogo wa Kadina, mrushaji wa ile mipira ya polepole inayojipinda ikigonga chini, na alikuwa ameshafikisha miaka thelathini na sita bila kuitwa timu ya taifa. Walipomwita hatimaye, aliitwa kwenye mechi ya Adelaide, uwanja wa nyumbani, dhidi ya New Zealand, chini ya taa. Na mimi nilikuwemo, maana kukataa mara ya tatu sikuthubutu. Siku mbili kabla, mazoezini, nilimkuta amesimama pembeni ananitazama nikizungukazunguka kutafuta mpira.

"Uko mguuni pako, mzee," akasema, akausukuma kwa kiatu. "Ukistaafu nitakununulia miwani."

Nikacheka. Akacheka na yeye, tukaendelea.

Mechi ilianza saa nane mchana, sisi tukitangulia kupiga. Saa mbili na dakika kumi usiku, anga likiwa halijaamua kama ni mchana au usiku, mwenzetu wa tatu akatolewa. Aliyefuata ni mimi.

Sisi wachezaji tuna desturi moja. Siku ikiwa ukingoni, mpigaji wa kutegemewa anaweza kuomba mtu mwingine aingie badala yake, ili yeye asalimike hadi kesho. Anayeingia huwa mrushaji, mtu ambaye kupiga si kazi yake. Tunamwita mlinzi wa usiku. Huombwa zikiwa zimebaki dakika kumi, kumi na tano hivi, na hata hapo mtu mwenye majivuno hukataa. Usiku ule ilikuwa imebaki saa nzima na zaidi.

"Haya Heath, ingia," akasema nahodha wetu, Lockyer.

"Nataka mlinzi."

Akatazama saa ya ukutani. "Mlinzi saa hizi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka mlinzi."

Mmoja wetu pale chumbani akaguna kama anayezuia kicheko. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Brenton alikuwa kwenye kona anakula ndizi, na pedi zake, zile ngao za miguu za mpigaji, ameshazivaa. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye zamu yake ni ya mwisho kabisa amevaa pedi.

"Naenda mimi," akasema. "Ndizi yenyewe imeisha."

Mpira wa sita ulimpata mkono wa kulia juu ya gongo. Ulimvunja kidole cha kati na cha pete, vile vile anavyovitumia kuupinda mpira. Daktari akakimbilia uwanjani, Brenton akamtikisia kichwa kukataa, akabaki. Alisimama pale hadi mchezo ulipofungwa saa tatu na nusu, anashika gongo kwa mkono mmoja na nusu, na hawakumtoa. Mimi nilitazama yote kupitia kioo, nikiwa na taulo shingoni.

Kesho yake saa nane mchana, jua likiwaka, niliingia mahali pake nikapata mia moja na kumi na nane. Uwanja ulisimama kunishangilia. Brenton alikuwa amekaa na bandeji hadi kwenye kiwiko, anapiga makofi kwa kujigonga paja kwa mkono wa kushoto. Hakurusha hata mpira mmoja katika mechi ile, na hakuitwa tena. Ukifungua kitabu cha kumbukumbu utamkuta: mechi moja, mipira aliyorusha, sifuri.

Na mimi nilifanya nini? Niliandika gazetini kwamba taa ndizo zilizomvunja Brenton Pascoe vidole. Kwa miaka sita kila nilipobanwa kwenye mjadala, nilitoa vidole vile kama mtu anavyotoa kitambulisho.

Julai iliyopita klabu ya Kadina ikanialika. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, ukumbi umejaa makoti yenye harufu ya mvua. Mjadala: je, Test ichezwe usiku? Mimi nipinge, Brenton aunge mkono. Baada ya hapo wanachama wangepiga kura yao wenyewe, maana halmashauri ilikuwa tayari kusimamisha nguzo za taa kwenye uwanja wao mdogo, ikisubiri tu wakubali au wakatae. Kila mtu alijua kwamba kura itafuata mjadala ulikoelekea.

Mlangoni alinipokea Tamsin, mke wa Brenton, na sahani ya sambusa zao kubwa za nyama na viazi.

"Kula kwanza," akasema. Kisha akapunguza sauti. "Mume wangu anazitaka hizo taa, mimi sizitaki hata kuzisikia. Lakini nilikuwa nataka kukushukuru uso kwa uso. Kati ya wote mliocheza naye, ni wewe peke yako uliyemsemea. Makala zako zote nimezikata, nimezitunza kwenye faili."

Nikachukua sambusa moja, nikasema asante.

Brenton akaanza. Si msemaji, alitazama meza muda wote.

"Baba yangu alivuna shayiri miaka arobaini," akasema. "Mechi za Test zinakuja wakati wa mavuno. Kwa hiyo kriketi aliijua kwa redio ya trekta tu, basi. Siku ile nilipocheza, alizima mashine saa kumi na moja jioni, akaendesha gari hadi Adelaide. Alifika giza linaingia, ana vumbi hadi masikioni. Akaniona napiga. Vibaya, lakini akaniona." Watu wakacheka kwa upole. "Mwaka uliofuata akafariki. Kama mechi ile ingekuwa ya mchana, asingeniona kabisa. Humu ndani kuna watu kama baba. Sina zaidi."

Wakapiga makofi marefu. Mwanamke wa mstari wa mbele akajifuta macho. Nikaona kabisa kwamba nimeshindwa, na kwamba kushindwa kule kungekuwa haki. Ningeweza kusema maneno mawili ya adabu nikakaa. Lakini nimezoea kushinda mjadala huu, na mdomo ulianza kabla sijaukataza.

"Brenton ni muungwana mno kulitaja hili," nikasema. "Brenton, ndugu yangu, inua mkono wako wa kulia."

Hakuuinua. Nikasubiri. Ukumbi wote ukamgeukia, na mwishowe akauinua, taratibu. Vidole vile viwili vimepinda kuelekea kidole gumba, havinyooki.

"Hizo ndizo taa mnazozipigia kura," nikasema.

Sikuhitaji kuendelea. Thelathini na tisa walikataa, ishirini na moja walikubali. Mwenyekiti akanipa mkono. Tamsin alikuwa analia, na kutoka upande wa pili wa ukumbi akanitikisia kichwa kunishukuru.

Nilimkuta Brenton jikoni anaosha vikombe. Alikuwa anavishika kwa kushoto na kuvisugua kwa kile kiganja kilichobaki.

"Umeniweza," akasema.

"Samahani kwa lile la mkono. Lilinitoka tu."

"Halikukutoka." Akaweka kikombe kwenye waya. "Heath, unaona rangi ya hii sponji?"

Nikaitazama. Ilikuwa na rangi ya vitu vyote ambavyo nimewahi kuvikisia.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu mazoezini. Mpira upo mguuni pako, wa waridi, unang'aa kama pipi, na wewe unautafuta. Nikasema huyu akiingia magharibi watamuua. Ndiyo maana nilivaa pedi mapema. Ungeomba mlinzi, usingeomba, ningekwenda tu."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Jambo lako, niliseme mimi?" Akafungua bomba tena. "Nilikuwa nasubiri uliseme mwenyewe. Ile makala ya kwanza nikasema, anaona haya, litampita. Ya pili, vilevile. Leo umenifanya niinue mkono kama mtoto wa shule mbele ya mke wangu."

Sijawahi kuona haya namna ile. Nilitaka anitukane. Yeye akachukua kikombe kingine.

Nikarudi ukumbini. Nusu ya watu walishaondoka kwenda kulisha mifugo, waliobaki walikuwa wanapanga viti. Nikamwomba mwenyekiti anipe dakika moja. Nikasema yote nikiwa nimesimama katikati ya viti: macho, mlinzi niliyemwomba saa nzima kabla ya wakati wake, na makala. Nikasema taa hazikumvunja mtu vidole, nimemvunja mimi, na nikaomba kura irudiwe.

Mwenyekiti akajikuna shingo. "Watu wamekwenda, bwana. Katiba yetu inasema hoja ikishakataliwa hairudi hadi mkutano wa mwakani. Na halmashauri haingoji mwakani." Alikuwa kama anayeniomba radhi yeye. "Ungesema saa moja iliyopita."

Tamsin alikuwa ameshika mfuko wa karatasi, sambusa mbili alizonifungia kwa ajili ya safari. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe, ambaye ametoka jikoni na kitambaa begani.

"Ulikuwa unajua?" akamuuliza.

"Nilijua. Zile pedi nilizivaa mapema kwa sababu hiyo."

"Miaka sita nakata magazeti, unaniangalia tu?"

"Ulikuwa unafurahi mtu ananisemea."

Tamsin akakaa kwenye kiti kimoja ambacho hakijapangwa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza njia.

"Na kama wewe ndiye ungekuwa unauona ule mpira, halafu yeye ndiye asiyeuona. Ungevaa pedi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angenibishia, si pale, si baada ya kukiri kwangu kote kule. Nikamfikiria yule mzee wa sokoni aliyenishika mkono.

"Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akainuka, akanipa ule mfuko. "Chukua. Adelaide ni mbali."

Nikauchukua. Ulikuwa bado wa moto. Nilitoka nao hadi kwenye gari, jua la saa kumi na moja likiwa limeshaanza kushuka nyuma ya uwanja wao, na watoto wawili waliokuwa wanacheza kriketi pale wakaokota mpira wao wakaenda nyumbani, kwa sababu giza lilikuwa linaingia.