Usiku wa Jumatano

Kwetu Lamu siku haianzi saa sita za usiku kama inavyoanza katika mahakama za Ontario. Huanza jua linapokuchwa. Aliyezaliwa usiku wa Ijumaa amezaliwa Alhamisi baada ya magharibi, na aliyeoa usiku wa Jumapili aliwalisha wageni wake Jumamosi. Hakuna mtoto wa kwetu aliyehitaji kufundishwa jambo hilo, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kulieleza.

Dada yangu Khurshid alianguka usiku wa Jumatano, katika Muharramu ya mwaka 2021. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. Tulikuwa tunatoka majlisi ya maombolezo katika kituo cha jumuiya yetu, Barabara ya Bathurst, kaskazini mwa Toronto, na jengo alilokuwa amepanga liko karibu hivi kwamba tulikwenda kwa miguu. Halina lifti. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua tangu mwanzo wa kiangazi, na kampuni yenye jengo ilikuwa imearifiwa kwa maandishi yangu mwenyewe. Khurshid aliegemea kishikio cha ngazi, nacho kikang'oka ukutani pamoja na plasta yake. Alikataa kupelekwa hospitali. Kutwa ya Jumatano alishinda kitandani akijikanda kwa maji ya moto, akiamini nyonga imeshtuka tu. Alhamisi alfajiri hakuweza kusimama. Hospitali waliandika siku aliyofikishwa; siku aliyoanguka hawakuiuliza, au waliuliza wakasahau kuiandika.

Tangu hapo hakupanda ngazi tena. Nilimtandikia kitanda sebuleni kwangu, Vaughan. Mimi ni mjane mwenye umri wa miaka sabini na saba, na mgongo wangu haukubali kumnyanyua mtu. Kesi tuliyoifungua dhidi ya kampuni ile ilikuwa na shabaha moja: Khurshid apate nyumba ya chini, karibu na Bathurst, na mtu wa kumtunza, ili aishi miaka iliyobaki akiwa anasikia salamu za watu wake. Tukishindwa, kulikuwa na kitanda katika nyumba ya wazee huko Brampton, ambako hamjui mtu.

Wakili nilimchagua mimi. Dale ni mwana wa Caetano, Mgoa wa Nairobi niliyelala naye bweni moja la shule huko bara kwa miaka sita. Alizaliwa Toronto. Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Alipokwenda kuchukua maelezo ya Khurshid hakutaka mkalimani. Alisema hawezi kumlipa mgeni ili amfasirie maneno anayoyasikia nyumbani kwao tangu utotoni. Sikuwapo siku hiyo. Khurshid alieleza, Dale akaandika kwa Kiingereza, akamsomea, na yeye akatia saini.

Kampuni ilijitetea kwa miezi mingi, kama kampuni zinavyojitetea. Mwezi mmoja baada ya Khurshid kuhojiwa kwa kiapo, wakili wao akataka kunihoji na mimi, kwa kuwa nilikuwa shahidi pekee. Dale akaniita ofisini kwake Brampton, juu ya duka la matairi, tupitie maelezo.

"Tuanze mwanzo, Anko," alisema. "Jumatano, tarehe kumi na nane Agosti, usiku. Mnatoka msikitini."

"Jumanne," nikasema. "Tarehe kumi na saba."

Akacheka. "Usinitanie, Anko. Anti mwenyewe amesema Jumatano. Aliniambia mimi, na mwezi uliopita akaapa."

"Alisema usiku wa Jumatano."

"Si ndiyo? Jumatano, usiku."

"Hayo ni mambo mawili, Dale. Usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano. Huo unaousema wewe, sisi tunauita usiku wa Alhamisi."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuwa kaskazini imehamishwa.

"Nani anahesabu hivyo?"

"Watu wenye lugha yao."

"Baba akisema usiku wa Jumatano, maana yake ni Jumatano usiku."

"Baba yako Kiswahili alifundishwa na mpishi wa bweni."

Siku nyingine angecheka, kwa sababu Caetano mwenyewe hulisema hilo kila Krismasi. Hakucheka. Alifungua faili, akaitazama karatasi moja, akalifunga. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo. Sheria ya mkoa huu inampa aliyeumia miaka miwili kufungua kesi. Kwa anguko la Jumanne, muda ulikwisha Alhamisi, tarehe kumi na saba Agosti 2023. Yeye alikuwa ameiwasilisha kesi Ijumaa.

"Kwa nini ulingoja hadi siku ya mwisho?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri ripoti ya daktari. Siku ya mwisho nayo ni siku, Anko."

Nilimwambia kuwa anayefika stesheni treni inapong'oa nanga hana haki ya kuilaumu saa. Alikubali kwa kichwa. Halafu akasema neno ambalo alilipima kwanza.

"Siwezi kukuambia useme nini, na sitakuambia. Ila una haki ya mkalimani. Anti alimtumia alipohojiwa. Ukitaka, utajibu kwa lugha uliyozaliwa nayo."

Akageuka kutazama dirishani, ambako hapakuwa na cha kutazama. Nilimwelewa.

Nilimsimulia Khurshid jioni ile ile, kwa kuwa kesi ilikuwa yake. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya blanketi.

"Kwani mimi nimesema uongo?" akauliza.

"Hukusema."

"Nilisema usiku wa Jumatano. Ndivyo alivyotufundisha mama. Basi na wewe, Bhai, nenda kaseme hivyo hivyo, kwa Kiswahili." Bhai ni kaka kwa lugha ya babu zetu, na hivyo ndivyo alivyoniita tangu alipojua kusema. "Mkalimani akikosea, kosa ni lake. Mungu hahitaji mkalimani."

"Wewe ulisema bila kujua watakavyosikia. Mimi najua."

"Kwa hiyo maneno yangu ni kweli, yakipita kinywani mwako yanageuka uongo?"

"Ndiyo."

"Hayo ndiyo waliyokufundisha huko bara?"

Nikamwambia kuwa ndiyo, hayo hasa. Mwalimu mkuu wetu alitufundisha kwamba uongo haupimwi kwa ulimi wa msemaji, bali kwa kile anachokusudia kibaki katika sikio la msikilizaji. Wavulana wa shule ile wamekuwa majaji na maaskofu, na wachache wamekuwa wezi, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kudai kuwa hakuambiwa.

"Mwalimu mkuu wako amekufa," akasema Khurshid. "Mimi niko hai, na ninahitaji mtu wa kunigeuza kitandani."

Nilimgeuza mwenyewe, kwa shida, naye akauma meno asilie, na mimi nikauma yangu.

Mahojiano yalifanyika katikati ya jiji, katika chumba cha kioo chenye jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Wakili wa kampuni alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, mwenye adabu. Mkalimani alikuwa kwenye skrini, mama wa bara aliyezungumza kutoka Ottawa, yule yule aliyemfasiria Khurshid. Dale aliketi kando yangu. Wakili aliniuliza kama ningependa kujibu kwa Kiswahili. Niliuona mkono wa Dale ukitulia juu ya meza.

"Hapana, ahsante," nikasema kwa Kiingereza. "Nitajibu mwenyewe."

Aliniuliza habari za majlisi, za taa, za kishikio. Nilijibu kwa ukamilifu, na ninaamini kuwa kama kesi ingeamuliwa kwa majibu yale, kampuni ingelala chali. Kisha akauliza, akiwa anapenga kamasi, swali ambalo kwake lilikuwa la kukamilisha ukurasa tu: dada yako alianguka siku gani?

"Jumanne, tarehe kumi na saba Agosti. Yapata saa nne za usiku."

Aliishusha leso. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na nikamweleza, kwa kuwa aliuliza, jinsi watu wa pwani wanavyouhesabu usiku, ili asije akadhani kuwa dada yangu alikuwa amemdanganya. Yule mama kwenye skrini aliweka mkono mdomoni. Dale hakuinua macho.

Kampuni iliomba kesi ifutwe kabla ya kusikilizwa, kwa sababu ilichelewa. Jaji alikuwa mtu muungwana. Alituonea huruma kwa aya nzima, kisha akaifuta kwa sentensi moja. Taa haikutajwa. Kishikio hakikutajwa. Nimepita pale tangu siku ile: wameweka kishikio cha chuma, na balbu inayowaka hata mchana.

Dale alikuja nyumbani kwangu na suti yake ya mahakamani, akasimama mbele ya kitanda cha Khurshid. Alisema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, kwamba Anti anaweza kutafuta wakili mwingine amshitaki yeye, na kwamba yeye hatamchukia. Ninampa heshima yake kwa hilo. Khurshid alimwambia akae anywe chai.

"Kesi moja imenitosha," akasema. "Imenionyesha ndugu zangu."

Alikuwa akimwangalia Dale, lakini maneno hayakuwa ya Dale.

Yuko Brampton sasa. Chumba ni safi na watu wake ni wapole. Chai ni ya majani yaliyofungwa kwenye kifuko, na anayelala kitanda cha pili huzungumza lugha ambayo hakuna hata mmoja wa wauguzi aliyekwisha kuitambua. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimtengeneza mto, nikaketi kando yake.

"Umenifanyia jambo, na unaliita ukweli," alisema. "Sikatai kuwa ni ukweli. Lakini si ukweli uliokupeleka pale. Ulitaka wakisikie Kiingereza chako."

Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu hapo, na sijaona kosa katika nilichokifanya. Ningeulizwa kesho ningejibu vile vile. Naliandika hapa bila kuona haya, na bila kuona raha.

Alhamisi iliyopita muuguzi aliingia na orodha. Mara moja kwa mwezi wana gari la kuwapeleka wazee mahali pao pa ibada. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayejibu, dada yangu angependa apelekwe lini.

Khurshid alikuwa ameelewa. Swali kama hilo anaweza kulielewa. Hakumjibu muuguzi. Alinigeukia mimi. Haniiti tena Bhai.

"Mkalimani," akasema, "mwambie usiku wa Ijumaa."

Nikamwambia muuguzi: Alhamisi, baada ya jua kuchwa. Akaandika, akashukuru, akatoka.

"Umefasiri vizuri," akasema Khurshid, na akageuza uso ukutani. "Wewe siku zote unafasiri vizuri."