Kikohozi cha Bloku ya Chuma

Jumamosi ya kwanza baada ya theluji kuyeyuka, Ardelia Tolliver alilegeza bolti ya mwisho iliyoshikilia injini ya gari la marehemu baba yake, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akampa Pettigrew ishara aanze kuvuta mnyororo. Winchi ikalalamika. Injini ikapanda taratibu kutoka chini ya boneti, na pua ya gari ikainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mwaka 1969, lenye boneti ndefu na mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Baba huyo, Dikoni Hosea Tolliver, alilinunua akingali kijana, kwa ujira wa kiwanda cha kusubu chuma kilichokuwa ng'ambo ya mto, katika mji wao mdogo wa Michigan. Kazi yake ilikuwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu za mchanga mweusi, humo zikatoka bloku za injini, yale magogo ya chuma yenye matundu ya pistoni. Wanaume weusi wa mtaa ule karibu wote waliwekwa hapo hapo, penye joto na vumbi, maana kazi nyingine za kiwandani zilikuwa na wenyewe. Dikoni aliamini kwamba bloku ya gari lake aliimimina yeye, na hakuna aliyembishia.

Ardelia alikuwa amestaafu udereva wa basi la shule na sasa alikuwa na jambo moja tu kichwani: mbio za magari za robo maili, kwenye uwanja ulio nje ya mji, siku ya kufungua msimu. Mwaka uliotangulia alishindana akashindwa kila mara, kwa kuwa gari lilikuwa zito mbele na taa ya kijani ilipowaka lilisitasita kama mzee anayetafuta miwani. Vijana wa pale wakamwita Bibi Jiko la Chuma. Alicheka nao, akarudi nyumbani, akaagiza bloku ya alumini, ya vipimo vile vile lakini nusu ya uzito.

Lucius, mdogo wake, alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji tangu asubuhi na mikono yake kifuani.

"Unamtoa Baba ndani ya gari lake," akasema.

"Natoa uzito, Lucius. Baba tumemzika."

Pettigrew, aliyekuwa fundi wa magari na rafiki wa familia tangu shuleni, hakutaka kuingilia ya ndugu wawili. Akaishusha injini, wakaanza kuifumua. Krenki na pistoni zilikuwa nzima, zingehamia kwenye bloku mpya. Ile ya zamani ilipobaki tupu wakailaza sakafuni, wakakaa kula kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi aliouleta Lucius, ambaye hasira haikumzuia kupika.

Walikuwa katikati ya chakula, bloku ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, chenye mluzi mwishoni, na kilipokwisha matundu ya pistoni yalitema mchanga mweusi kiasi cha kujaza kikombe. Lucius akaweka mfupa wake pembeni.

"Huyo ni Baba."

"Ndiye," Ardelia akakubali, akamalizia paja lake, kisha akaenda kuchukua ufagio.

Mchana wote bloku ilikohoa, na kila ilipokohoa Ardelia alifagia. Jioni alikumbuka kwamba miaka ya mwisho baba yake hakuweza kulala chali. Alilala ameketi kitini, mto mgongoni. Wakasaidiana watatu kuisimamisha bloku wima na kuiegemeza ukutani, wakaifunika shuka. Ikavuta pumzi moja ndefu, ikanyamaza. Lucius alikaa nayo mpaka giza likaingia, na tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kuirudisha garini. Alisema tu kwamba mzee alikuwa na haki ya kupumzika kubeba vitu.

Lakini Ardelia hakutulia. Dikoni alipofariki, mama yao aliiomba kampuni ikubali kwamba vumbi la kiwanda ndilo lililommaliza. Daktari wa kampuni akajibu kuwa ni sigara. Mama aliwaeleza, kwa adabu, kwamba mumewe hakuwahi kuvuta. Aliendelea kueleza hivyo mpaka naye akafa. Kiwanda kilibomolewa, pakaota majani, lakini kampuni ilikuwa bado na ofisi mjini, na ofisi ilikuwa bado na daktari.

Jumatatu wakaipakia bloku kwenye pikapu ya Pettigrew, ikiwa wima, na mkanda wa kiti kiunoni. Daktari alikuwa kijana mstaarabu. Aliweka kifaa chake cha kusikilizia ubavuni mwa chuma, akaiomba ivute pumzi, ikavuta. Akaiomba ikohoe, ikakohoa, zulia likajaa mchanga. Akasikiliza tena upande wa pili, bila haraka, jinsi daktari mzuri anavyofanya.

"Kifua kimeharibika vibaya," akasema. "Huyu alikuwa mvutaji."

"Ni chuma, daktari."

"Hata chuma, mama."

"Baba yangu hakutia sigara mdomoni maisha yake yote. Na huo mchanga kwenye zulia lako je?"

Daktari akautazama. Akasema kwa upole kwamba yeye ni wa vifua, mambo ya mazulia yana idara yake.

Ardelia akamwambia kwamba atarudi, na hatakuja peke yake. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amebisha hodi mtaa mzima. Karibu kila ua ulikuwa na gari la enzi zile, lenye bloku ya kiwanda kile, zima au limekufa, na Pettigrew alipita na winchi yake akizitoa injini moja baada ya nyingine. Watu waliwatambua marehemu wao kwa kikohozi. Bi Wysinger alimjua mumewe kwa kuwa alikohoa mara mbili kisha akaguna, kama alivyofanya kanisani mahubiri yakirefuka. Bloku zikasimamishwa wima barazani, zikapewa mito, na jioni watu walikaa nazo wakinywa chai ya barafu na kuzipa habari za wajukuu.

Kwa kuwa zilikuwa nyingi mno kubebwa, daktari alikuja mwenyewe. Alipita baraza kwa baraza, akavua kofia kila alipoingia, akasikiliza zote. Wote walikuwa wavutaji. Hata bwana Wysinger, aliyehubiri dhidi ya tumbaku kwenye pembe ya barabara mpaka akawachosha watu. Daktari aliwapa familia pole, akakubali kipande cha pai ya viazi vitamu, akaondoka.

"Sasa tunafanyaje?" Lucius akauliza.

"Jumatatu narudi ofisini kwake," Ardelia akasema. "Na Jumatatu nyingine. Leo nipatie spana."

Akarudi chini ya boneti. Ofisini alikwenda kila Jumatatu kama alivyosema, akajibiwa sigara kila Jumatatu. Siku zilizobaki alifunga pistoni, akapima, akafungua, akafunga upya, mpaka injini ya alumini ikawaka na kutulia kwenye mngurumo ule ule wa zamani.

Siku ya kufungua msimu, taa ya kijani ilipowaka, magurudumu ya mbele yaliacha lami. Gari halikusitasita. Ardelia alimshinda kijana wa kwanza, akamshinda wa pili, akamshinda na wa tatu, yule aliyebuni jina la Bibi Jiko la Chuma, naye akaja dirishani kumpa mkono na kuuliza amefanya nini. Alimwambia amebadilisha bloku. Kijana akaitikia kwa kichwa. Hata babu yake, alisema, yuko barazani kwao tangu Alhamisi.

Ardelia alirudi nyumbani jua likizama, Lucius kando yake amelipakata kombe. Kwenye kona ya mtaa alizima injini. Wakashuka wote wawili, wakalisukuma gari kwa mikono kupita baraza baada ya baraza, nalo lilikuwa jepesi, na wazee walikuwa ndio kwanza wamepata usingizi.