Gari Lililonyooshwa Kupita Kiasi

Mwanangu wa mwisho, ambaye ukoo mzima humwita Rula, hawezi kupita mbele ya picha iliyoning'inia upande bila kuiweka sawa. Kazi yake ni kupima na kunyoosha magurudumu ya magari ya watu, na kwa kazi hiyo amejipatia majivuno ya askofu. Alipotutembelea Jumamosi ile nilimwacha sebuleni peke yake niende kuepua sufuria, na muda huo ulimtosha kutuharibia siku.

Katika sebule hiyo, pale lilipokuwa kabati langu la vyombo vya wageni, mjukuu wangu amefunga usukani mezani, pedali chini ya meza na skrini pana ukutani. Huendesha gari katika mchezo wa kompyuta unaoiga magari ya kweli hata kwa uchakavu wa matairi. Hashindani kwa mbio. Hushindana kwa drifti, yaani kuingia konani kwa ubavu, matairi ya nyuma yakifoka moshi, na kutokea upande wa pili bila kugonga kitu. Enzi zetu mtu aliyeendesha hivyo alinyang'anywa leseni. Yeye hupewa alama.

Alasiri hiyo alikuwa na jaribio la kuingia katika timu aliyoitamani hadi akawa anaitaja usingizini. Alitakiwa kulifuata gari la nahodha konani, ubavu kwa ubavu, mara mbili. Nafasi ilikuwa moja na waombaji walikuwa wengi. Gari lake alikuwa amelirekebisha kwa wiki nyingi, akigusa hiki leo na kile kesho, akilisikiliza kwa viganja.

Rula aliukuta ukurasa wa marekebisho umeachwa wazi, mpwa wake akiwa bafuni. Akayaona magurudumu ya mbele yamelala kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Moyo ukamkataa. Akayasimamisha, akayaelekeza mbele, akausawazisha upepo wa matairi yote manne, akaifungua difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ili magurudumu ya nyuma yasizunguke tena kwa pamoja kama yamefungwa pingu, kisha akahifadhi. Alinifuata jikoni kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyetoka kutoa sadaka, kwamba amemfanyia mtoto kazi ya bure.

Mtoto aligundua akiwa konani. Gari la nahodha liligeuka ubavu likapendeza. La kwake lilikwenda mbele kwa adabu zote, kama gari la maiti, likazama katika ukuta wa matairi.

"Dada," ilisema sauti ya nahodha kwenye spika, "sisi tumekata kona. Wewe ulikuwa na safari nyingine?"

Wenzake walicheka. Mjukuu wangu alizima kipaza sauti, akageuka polepole.

"Mjomba, umeligusa gari langu?"

"Nimelinyoosha. Lilikuwa limeharibika."

"Lilikuwa limeharibika vizuri."

Vipimo vyake vya awali vilikuwa vimefutika. Waombaji wengine walikuwa wakiendelea, na zamu yake ya pili ilikuwa ikikaribia. Alijaribu kukumbuka, akakosea, akalaza paji la uso juu ya usukani. Rula alipoanza kueleza faida za magurudumu yaliyonyooka nilimwambia anyamaze, kisha nikamwuliza ni gari gani lililowahi kumtia aibu kuliko yote yaliyoingia katika karakana yake.

Hakuhitaji kufikiri. "La muuza magodoro. Mama, lile si gari, ni laana. Difu kaichomelea ikawa chuma kimoja. Magurudumu ya mbele yamelala, matairi ya nyuma kayajaza upepo kama ngoma. Akikanyaga mafuta tu, matako ya gari yanatangulia. Getini kwangu aliingia kinyumenyume."

"Basi mtengenezee mpwa wako gari la muuza magodoro."

Alinitazama kana kwamba nimemwamuru avue suruali sokoni. Hata hivyo akaketi. Kila alichokigusa kilimwuma: aliifunga difu huku amefumba jicho moja, akayalaza magurudumu ya mbele akiomba radhi chini kwa chini. Mjukuu wangu alilijaribu, akaamuru usukani ukate zaidi na upepo wa nyuma upunguzwe kidogo. Mara hii mjomba mtu alitii bila ubishi.

Zamu ilipofika, magari yale mawili yaliingia konani yamegeuka pamoja, mlango kwa mlango, kama mashoga wanaotoka sherehe moja wakisengenya. Moshi ukafunika skrini. Yalipotokea upande wa pili, bado yalikuwa ubavu kwa ubavu.

Sauti ya nahodha ilirudi kwenye spika. "Karibu kwenye timu, dada. Gari hilo kakutengenezea nani?"

Mjukuu wangu aliwasha kipaza sauti, akamtazama mjomba wake. Rula alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, mikono kifuani, akiwafikiria wateja wake.

"Muuza magodoro mmoja," akajibu.

Rula alishusha pumzi, akajipangusa jasho. Kisha, kwa upole mkubwa, akasema kwamba kwa kuwa jaribio limekwisha, aruhusiwe kuyanyoosha yale ya mbele tu, kidogo.

Tulimtoa nje, mimi nikiushika mkono wa kulia na mpwa wake wa kushoto. Mlangoni aliuchomoa mmoja, akaiweka sawa picha ya marehemu baba yake, mtu ambaye alipokuwa hai hakuna aliyefaulu kumnyoosha, mimi nikiwamo.