Jibu Kutoka Safu ya Nyuma

Jambo moja lilimpita Mama Mlango miezi yote ile ya uzazi, naye alikuwa mtu wa kusifiwa kwa macho makali: hakutambua kwamba alikuwa akimfundisha bintiye kazi. Alidhani anambembeleza tu. Kila mchana, nyumba ikishatulia na nepi zikiwa zimeanikwa, alimpakata mtoto na kumsemea maneno yake ya zamani ya jukwaani, yale ya mama asimamaye mlangoni akimwita mwanawe aliyepotea.

"Taa imezimika, nimeiwasha. Imezimika tena, nimeiwasha tena. Mlango uko wazi, mwanangu. Niitikie."

Hapo alinyamaza. Kimya hicho kilikuwa chake. Hakikuwamo katika maandishi ya mchezo. Yeye ndiye aliyekizua, akakikuza mwaka hadi mwaka, mpaka watazamaji wakawa wanakuja na vitambaa vya kufutia machozi tayari mkononi. Nyumbani, hata hivyo, kimya hakikuwahi kukomaa. Mtoto alimkodolea macho midomoni, akarusha miguu, kisha akatoa sauti moja kali, "Eee!", na mama akacheka, akambusu tumboni, wakaanza upya.

Jina la Mama Mlango alipewa na mji kwa sababu ya mchezo huo, na lilimkaa kama ngozi. Mimba ilipokuwa kubwa, nafasi yake ilichukuliwa na mwigizaji wa akiba, ambaye alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe. Ilisemwa kuwa ni kwa muda. Lakini asubuhi moja, akichagua nyanya gengeni, muuzaji alimwambia kwa furaha isiyo na hila, "Mama Mlango mpya ni moto, dada! Mke wangu karudi nyumbani analia, kanilaza na njaa."

"Mpya?" akauliza.

"Yule mwembamba."

Alirudi nyumbani bila nyanya.

Mumewe alikuwa fundi wa taa katika jumba hilohilo la maonyesho. Alipokuja kula mchana, alimkuta ameketi wima mno, jambo ambalo wanaume waliooa wanalijua.

"Ile taa yangu," Mama Mlango alisema. "Ile ya rangi ya asali uliyonitengenezea. Unammulika nayo?"

"Ni taa ya mchezo, mke wangu. Nimmulike na tochi?"

"Na gauni langu?"

"Limepunguzwa kiunoni."

Akajuta kulitamka hilo kabla halijamaliza kutoka. Mkewe aliinua sahani yake ilhali hajamaliza kula, akaipeleka jikoni. Kutoka huko sauti yake ilikuja imenyooka, "Mwongozaji ameamua nini kuhusu msimu ujao?"

"Anaamua baada ya onyesho la Jumamosi mchana. Ama urudi wewe, ama abaki dada."

"Nitakuja kutazama."

"Na mtoto utamwachia nani? Mama anakuja kumtazama dada."

Hilo lilimchoma kuliko kiuno cha gauni. Mama mkwe wake, kwa miaka yote aliyokuwa yeye jukwaani, hakuwahi kukanyaga pale. Michezo ya kulialia, alisema, humpandisha presha. Sasa presha ilikuwa imepata likizo.

Jumamosi alimfunga mtoto kifuani kwa shali pana na kwenda. Mlangoni alikuwapo bawabu waliyemwita Mzee Tiketi, naye alimtazama yeye, akatazama shali, kisha akatazama bango lililokuwa juu ya kichwa chake: *Watoto wadogo hawaruhusiwi ndani.*

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo ni mzigo au ni mtu?"

"Ni mtu mdogo sana. Amelala."

"Mama Mlango, bango hili liliwekwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yako?"

Ni kweli lilikuwa lake. Zamani, mtoto mchanga aliwahi kulia katikati ya kimya chake. Aliutoka uhusika, akanyoosha kidole gizani na kusema, "Mtoeni huyo." Ukumbi ukampigia makofi, na kesho yake bango likapigiliwa kwa matakwa yake. Alikuwa na hoja, tena nzuri, na hata sasa angeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote: kazi ya jukwaani ni kama kubeba maji yaliyojaa pomoni, na anayekugusa kiwiko hawezi kukurudishia yaliyomwagika. Alichokuwa hajakiwaza ni yule mama, alitoka vipi na alikwenda wapi.

"Nilimsindikiza mimi," alisema Mzee Tiketi, kana kwamba alikuwa akifuata mawazo yake. "Hakuwahi kurudi." Akasogea pembeni. "Safu ya nyuma kabisa, kiti cha karibu na mlango. Akifungua mdomo, nje. Nitakutoa kama nilivyowatoa wengine, usije ukaniita mchawi."

Akaketi. Mbele, katika safu ya kwanza, aliona kilemba kipya cha mama mkwe. Taa zikazimwa, kisha ile ya rangi ya asali ikawaka, na wifi akatokea mlangoni.

Alikuwa mzuri. Mama Mlango alitarajia kila kitu isipokuwa hicho. Alikuwa amejiandaa kwa sauti nyembamba, kwa mikono isiyojua pa kukaa, kwa machozi ya kulazimisha. Alikuwa hata ametunga maneno ya upole atakayomwambia baadaye, yale ya upole unaochoma. Badala yake aliona mwanamke anayengoja kweli. Na gauni, Mungu amsamehe, lilimkaa vizuri zaidi. Wivu ulimpanda, wa moto na wa kitoto, na katika moto huo akajua kwa nini hasa hakumtafuta jirani wa kumwachia mtoto. Alitaka alie. Alitaka mtoto alie mahali palepale palipomuumiza yeye zamani, wifi aone inavyokuwa, na mwongozaji aone ni nani angeweza kuuokoa mchezo.

Mtoto aliamka. Hakulia. Alitoa kichwa nje ya shali na kuielekea ile sauti.

"Taa imezimika, nimeiwasha," wifi alisema. "Imezimika tena, nimeiwasha tena. Mlango uko wazi, mwanangu. Niitikie."

Kimya kikaanguka. Kilikuwa kizuri mwanzoni. Kisha kikapita kipimo chake, na Mama Mlango, aliyekijua kimya hicho kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani, aliona vidole vya wifi vikiibana fremu ya mlango. Maneno yalikuwa yamempotea. Watazamaji hawakujua bado. Kiti cha mnong'onaji, yule wa kuwakumbusha waigizaji maneno, kilikuwa kitupu. Alikuwa mgonjwa wiki hiyo, na mwongozaji alisema haina neno. Mstari uliofuata ulikuwa mfupi: *Basi nitafunga.* Mama Mlango alikuwa nao kwenye ncha ya ulimi. Mnong'ono mmoja wenye nguvu ungefika. Waigizaji wamezoea kuokoana hivyo, hata walio na ugomvi.

Aliufunga mdomo wake.

Ndipo mtoto alipomtazama mwanamke yule wa mbali, akarusha miguu, na kuitika.

"Eee!"

Sauti ilipaa juu ya vichwa vyote. Mzee Tiketi aliinuka kwenye kiti chake cha mlangoni. Ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja, kwani hapana aliyesikia kelele ya mtoto, walisikia jibu. Jukwaani, wifi aligeuka taratibu kuelekea gizani. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo haiigizwi.

"Nimekusikia," alisema, maneno ambayo hayamo katika mchezo wowote. "Nimekusikia. Basi sifungi."

Mtu akaanza kulia safu ya mbele. Alikuwa mama mkwe, tena kwa sauti.

Mama Mlango alibaki amemshika bintiye. Swali lilikuwa lake na kimya kilikuwa chake, na mtoto alikuwa wake kuliko vyote. Na jibu lilikuwa limemwendea mtu mwingine.

Baada ya onyesho alikwenda nyuma ya jukwaa. Mwongozaji alikuwa akizunguka kama kuku aliyetaga. "Nani alilipanga lile? Nani? Nataka mtoto yule kila siku!"

"Mtoto hana mkataba," alisema fundi wa taa, aliyekuwa ameshuka kutoka kwenye mitambo yake na kumpokea binti.

Wifi alikuwa mbele ya kioo, akijipangusa rangi za usoni. Hakugeuka.

"Wifi. Umekuja kunitazama, nashukuru."

"Ulikuwa mzuri sana."

"Nilipotea."

"Kidogo."

"Usiniambie kidogo. Nilikuona. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umekuangukia, nikakukazia macho nikajua nimepona, wifi yangu yupo, maneno anayo. Ukanifungia mdomo wako." Alikitupa kitambaa mezani. "Huyu hapa hana hata jino, kanionea huruma. Wewe una meno yote."

Mama Mlango alitafuta la kujitetea. Alikuwa nayo mengi: bango, gauni, taa, muuzaji wa nyanya. Yote yalikuja, na kila moja lilionekana dogo lilipofika mdomoni.

"Nilikuonea wivu," alisema mwishowe. "Bado nakuonea. Hata sasa hivi, hilo gauni."

Wifi alimtazama kupitia kioo. Kisha mdomo ukamcheza upande mmoja. "Linanibana kwapani tangu siku ya kwanza. Sikusema, kwa sababu ni lako."

Mwongozaji akaingiza kichwa. "Mama Mlango, kuhusu msimu ujao, tuzungumze."

"Hapana cha kuzungumza," alijibu. "Mwachie yeye. Mimi nipe kile kiti cha mnong'onaji, kisikae kitupu tena."

"Na mtoto?"

"Atakuwa mapajani."

Alipofika mlangoni, alimwomba Mzee Tiketi nyundo. Mzee alimpa, akamshikia na kigoda, akasema tu kwamba misumari ile ya bango aliipigilia yeye na ilikuwa mirefu. Ilimchukua muda kuing'oa.

Msimu uliofuata, onyesho la Jumamosi mchana lilikuwa wazi kwa watoto wa rika lolote, na yale mengine yalibaki ya watu wazima. Wifi alicheza nafasi ile hadi mwisho wa msimu. Wivu wa Mama Mlango haukwisha, ila hakufunga mdomo tena kwa ajili yake. Kila kimya kiliporefuka kupita kipimo, alinong'ona. Nyumbani, aliacha kumbembeleza mtoto kwa maneno ya jukwaani, kwani sasa alijua hayo ni kazi, akawa anamwimbia tu.