Mkate wa Mahindi wa Mama Radojka

Tangu saa nne asubuhi Višnja alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ngano tamu iliyochemshwa. Mgeni anaingia, anafanya ishara ya msalaba, anachota kijiko kimoja, anameza, ndipo anakaribishwa mezani. Hivyo ndivyo siku ya Mtakatifu Nikola inavyoadhimishwa katika nyumba ile ya mjini Užice, na hakuna aliyewahi kuuliza kama tumbo la mtu linaafiki.

La Višnja haliafiki. Mwezi wa tisa daktari alimweleza kwamba ngano inamkwangua utumbo kwa ndani, na mwili wake ungeshindwa kufyonza madini ya chuma hata angekula reli nzima. Ngano asiguse, hata chembe. Vidonge vya chuma ameze kwa maji ya chungwa, kahawa akae nayo mbali, na mazoezi ayapunguze mpaka damu irudi. Kupunguza mazoezi, mtu anayelipwa kucheza mpira wa mikono. Daktari husema tu, kisha yeye huenda zake kula.

Hata hivyo Višnja alitii yote. Vidonge vikamfunga choo, akavumilia. Majirani wakamnunia kwa kukataa kahawa yao, akavumilia. Lakini ngazi za nyumba ya mama mkwe, wanakoishi, ni kumi na sita, na mpaka leo akifika ya nane anashika ukuta na kutweta. Na kocha wake, Desanka, hakumficha kitu: "Jumatatu tunapima wingi wa damu. Ikiwa imepanda, unacheza. Isipopanda, nafasi yako inakwenda kwa mwingine, mwanangu."

Leo ilikuwa Jumamosi.

"Na mwenye sinia mbona haonji?" Aliyeuliza ni Tihomir, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, mzee ambaye akishakaa kitini huona kila kitu isipokuwa glasi yake inavyopungua.

"Ngano inanidhuru, baba mkubwa."

"Hii imebarikiwa na padri. Inamdhuru nani?"

Višnja akamtazama mumewe, Ognjen, na Ognjen akatazama samaki wake. "Kijiko kimoja tu," akanong'ona mume huyo. "Yaishe."

Mikono yote miwili imeshika sinia, nyuma yake wageni wanasubiri kuvua makoti, mbele yake ukoo mzima unamkodolea macho. Višnja alihisi uso unamwaka. Alitamani kukimbia, na kukimbia kwenyewe hana pumzi.

"Mwacheni," alisema mama mkwe, Radojka, akitokea jikoni. Akampokonya sinia, akampa Ognjen. "Huyu ana mkate wake. Njoo, binti yangu."

Jikoni Višnja nusura alie kwa shukrani. Mama huyu, tangu mwezi wa tisa, huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kumwokea mkate wa mahindi wa peke yake. Alimkatia kipande kikiwa bado moto. "Kula. Umekuwa mweupe kama shuka."

Višnja aliuma. Laini, umeshikana vizuri. Mkate kama huu kwao ulikuwa ukipukutika mpaka wanaokota chembe mezani kwa kidole.

"Mama, unaushikanishaje? Na huu ni mfungo, hukutia yai."

Radojka akatabasamu kama mtu aliyeombwa siri yake ya miaka mingi. "Konzi mbili za unga wa ngano. Mbili tu, usivunjike."

Višnja akatema kwenye kiganja. "Leo?"

"Kila siku. Kwani nilikupunja lini? Huo si mkate wa ngano, ni wa mahindi."

Angekuwa adui angemtukana. Lakini amtukane nani, mama aliyekatisha usingizi wake ili amlishe? Hasira ikakosa pa kutokea.

"Mama," alisema polepole, "hizo konzi mbili ndizo zilizonitoa uwanjani."

Radojka akautazama mkate, akamtazama yeye, akakaa kwenye kigoda. "Mimi?" akauliza. "Ni mimi?"

Višnja akanawa kiganja. Hakuwa na nguvu ya kumfariji mtu.

Sauti ya Tihomir ikawafuata humo humo. "Hatukati mkate wa mtakatifu, huu hapa mezani, mpaka wote wa nyumba hii waonje ngano. Mleteni huyo."

Walipotoka, mzee alikuwa amesimama kando ya mshumaa wa mtakatifu, kijiko kimejaa, amekinyoosha kuelekea kinywa cha Višnja. Radojka akapita mbele yake.

"Ameshaonja, shemeji."

"Lini? Mimi sijaondoka hapa."

"Nimemlisha mwenyewe, kwa mkono huu. Kila siku tangu mwezi wa tisa."

Tihomir akacheka, akidhani ni utani, akaimeza ngano ya kile kijiko mwenyewe. Radojka hakucheka. Kengele ya mlango ikalia tena, Ognjen akamrudishia mkewe sinia, na Višnja akaenda kufungua.