Bastola ya Mkono wa Kulia

Auleria alikuwa mashoto, na aibu ya jambo hilo aliibeba kutoka Bukoba mpaka Dubai. Utotoni bibi yake alimfunga kitambaa mkono wa kushoto kila chakula kilipotengwa, na hata sasa, mtu mzima mwenye sare, mlinzi wa ghorofa katika mtaa wa JLT, funguo za wapangaji alizipokea kwa kulia. Mahali pamoja tu alijiachia: klabu ya shabaha, Ijumaa mchana, bastola ya kukodi ikiwa kushoto na risasi zikienda zinakotumwa.

Aliyemwingiza klabuni ni mlinzi mwenzake, Zedekiya. Alimwita kaka, wala hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo nchi ile. Klabu ilipotangaza kwamba mshindi wa shindano la Machi atapewa kazi ya mwalimu msaidizi, wote wawili wakajiandikisha, Zedekiya akisema yeye anajifurahisha tu. Auleria aliitaka kazi ile kwa roho yote, maana miguu yake ilikwishachoka kusimama saa kumi na mbili kila zamu. Akaamua kununua bastola yake ya kwanza, iliyotumika, ya kutunzwa hapo hapo klabuni. Akamwomba kaka amchagulie.

"Chukua ya risasi ndogo, dada. Bastola utanunua mara moja, risasi utanunua kila Ijumaa."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Kisha akamwekea mezani bastola ambayo mpini wake wa mbao ulichongwa kufuata kiganja cha kulia.

"Lakini kaka, mimi ni mashoto."

"Kwa bei yako ndiyo iliyopo. Halafu mwalimu gani atafundisha kwa kushoto? Hapa ni aibu kuliko hata kwetu. Zoea kulia."

Aibu ile ya kale ikakubali kwa niaba yake. Wiki sita alifyatua kwa kulia mpaka kifundo kikavimba, na siku ya shindano akawa wa pili. Zedekiya alimshinda kwa pointi tatu.

Alipokwenda kuirudisha bastola, Mzee Marhun, Mzanzibari mtunza silaha, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, wajitaabishia nini? Ya mashoto ilikuwapo, bei ile ile. Zedekiya kanambia niifungie kabatini, ati weye umeikataa."

Akaitoa. Auleria akaishika kwa kushoto, ikamkaa kama mwiko wa jikoni kwake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo hiyo utaifua na kuipiga pasi mwenyewe. Alisalitiwa, na mtu aliyemsaliti alijua pa kumshika.

Zedekiya akaja na kundi la wanachama nyuma yake, mkono wa kulia mbele. "Hongera nawe, dada. Umejitahidi."

Auleria akamrudishia Mzee Marhun bastola, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, mbele ya watu wote. Wa Zedekiya ukabaki hewani.

"Pokea, kaka," alisema. "Ndio huu uliouogopa."