Picha Iliyoachiwa Pindo

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sentimita, alipewa na binti yake kamera ndogo ya kidijiti, na tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Alipiga picha ya pasi. Alimpiga picha paka, ukatoka mkia. Akampiga picha jirani akianika nguo, jirani akatoka kama mojawapo ya zile nguo. Yote hayo yangepita, lakini ulimi hauna mfupa, na Jumatatu moja Sentimita aliufungulia.

Mkewe alikuwa mkunga, na Ijumaa ya wiki ile alikuwa anastaafu. Kwenye korido ya zahanati yake kuna ukuta wa picha za waliostaafu, zimetiwa fremu, na kila anayeondoka huacha ya kwake. Sasa kaka yake mkunga, mwenye kamera yenye mdomo mrefu kama birika, akasema, "Dada, usihangaike. Nitakuja nikupige picha mimi."

Sentimita akaona hiyo ni dharau ndani ya nyumba yake. "Shemeji, kaa na birika lako. Picha ya mke wangu nitaipiga mwenyewe."

"Wewe? Uliyempiga picha paka akabaki mkia?"

"Paka hakutulia."

Mkunga hakucheka. "Nisikilizeni nyote wawili. Mimi sina picha hata moja ninayoipenda. Ya kitambulisho nimetoka kama mtoro wa jela. Ya harusi nimefumba macho. Miaka thelathini na mmoja nimezalisha watu pale, nao watapita kwenye ukuta ule na watoto wao. Sitaki wamkute mtoro wa jela. Baba watoto, nakupa mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ukishindwa, kaka aingie na birika."

Milango mitatu kutoka kwa Sentimita kulikuwa na studio ya picha za pasipoti. Mwenyewe ni mwanamke wa makamo asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Jumanne Sentimita akampelekea kazi yake. Mwenye studio akaifungua kwenye kompyuta, akasogeza uso kwenye kioo.

"Mzee wangu, mama yuko wapi?"

"Si huyo hapo katikati."

"Huyu? Nilidhani kifungo."

Kweli, mkunga alikuwa mdogo katikati ya ukuta mpana, kabati kulia, ndoo kushoto, na juu yake dari tupu.

"Nimeacha akiba ya pindo," alijitetea Sentimita. "Kitambaa ukikikata kikawa kifupi umekwisha. Ukiacha pindo, utapunguza baadaye."

"Ukipunguza hapa utabaki na kifungo kilekile, kimevutwa mpaka kimepauka. Msogelee mkeo, hakudai! Tena umemweka dirisha mgongoni, kwa hiyo hapa umepiga kivuli chenye kilemba. Mgeuze, dirisha limpate ubavuni. Na kabla hujabonyeza, angalia nyuma yake kuna nini. Hiyo fimbo ya pazia imemwingilia sikio hili, imetokea hili."

Sentimita aliondoka akisema moyoni kwamba mteja wake hata angeshonewa suruali ya mguu mmoja asingesema naye hivi. Lakini alikwenda kupiga upya.

Jumatano alirudi mapema, kifua mbele. Safari hii alikuwa amesogea.

"Eeh," alisema mwenye studio. "Pua imeshafika. Mwenyewe naona bado yuko njiani."

"Si ulisema nimsogelee?"

"Nilisema umsogelee, sikusema umbusu. Rudi hatua mbili. Lenga macho, si pua. Na mikono yako inatetemeka: bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, ndipo ubonyeze polepole. Na hiki kioo cha kamera ukifute, kina alama ya dole gumba lako kila picha."

Kisha akawa anarudi nyuma, picha baada ya picha: mkunga, jirani, msambaza barua, mkunga tena. Wote walikuwa wameinua kidevu, wamevuta tumbo ndani, mikono imeachana na mbavu.

"Mzee wangu, mbona watu wako wote wamesimama kama kuku anayekausha mbawa?"

"Ndivyo walivyosimama wenyewe."

"Kabla ya kubonyeza unawaambiaje?"

"Maneno ya kawaida tu. Simama wima, achia mikono kidogo, usipumue."

Mwenye studio alishika kichwa. "Baba! Unawapima!"

Miaka arobaini Sentimita alikuwa akiyasema maneno yale, na watu wakiyatii, hata hakujua tena kama anayasema. Hata siku ile alipokuwa studio, utepe wa kupimia ulikuwa unaning'inia shingoni.

"Na mkeo ulianza kumpima lini?"

"Kabla sijamuoa."

"Basi kesho usimwambie asimame, usimwambie chochote. Ongea naye tu, asahau."

Alhamisi saa tano na nusu, mkunga alikuwa ameketi kwenye stuli, dirisha ubavuni, nguo yake mpya ya kitenge imenyooka. Fimbo ya pazia imeng'olewa, ndoo imefukuzwa, kioo cha kamera kimefutwa kwa kipande cha pamba. Mlangoni alikuwa ameketi shemeji, birika mapajani, anaitazama saa yake kwa sauti.

"Imebaki nusu saa, shemeji."

Sentimita akapiga magoti. "Ehe, mama watoto. Habari za tangu asubuhi?"

"Si tumeamka wote?"

Maneno yakaishia hapo. Na alipoinua kamera, kidevu cha mkunga kikapanda chenyewe, mikono ikaachana na mbavu.

"Shusha mikono, mama."

"Imezoea."

Sentimita akabana viwiko. Akalenga macho. Akashusha pumzi, akaizuia hapohapo, akingoja ile mikono ishuke. Haikushuka. Akaendelea kungoja. Jasho likamtoka, miwani ikapata ukungu, na mishipa ya shingo ikasimama chini ya utepe.

Mkunga akasahau kwamba anapigwa picha.

"Wewe! Umebana nini? Pumua!"

"Mwenye studio ame..."

"Mwenye studio hajazalisha mtu! Vuta kwa pua. Toa kwa mdomo. Taratibu. Usisukume bado!"

Sentimita, mwanamume wa miaka sitini na sita, akavuta kwa pua, akatoa kwa mdomo, fuu, fuu. Shemeji alianguka kwenye fremu ya mlango kwa kicheko.

"Hivyo hivyo, baba yangu, unakwenda vizuri," mkunga alisema, ameinama mbele, mkono umemnyooshea, anacheka mpaka macho yamebaki mistari miwili yenye maji.

Sentimita akabonyeza.

Aliitazama picha, akaguna. "Nimekata kiwiko."

Shemeji akaja kuchungulia, mdomo tayari kwa kejeli. Alikohoa tu. Mkunga akaichukua kamera, akaishika mbali na uso kama wanavyofanya wasiokuwa na miwani.

"Kumbe hivi ndivyo wanavyoniona," alisema.

"Nani?"

"Walio kitandani." Akaangalia tena. "Kaka, chai iko kwenye chupa, jimiminie. Hilo birika lako lirudishe mkobani."

Mwenye studio aliichapa picha jioni ileile, na kwa mara ya kwanza hakutoa kasoro. Sentimita ndiye aliyekosa raha. Hakuna namna, aliuliza, ya kuongeza japo vidole viwili, kiwiko kirudi? Mwenye studio akakata karatasi nene nyeupe, akaizungushia picha pande zote nne ndani ya fremu, upana wa kutosha.

"Haya. Pindo lako hilo."

Ijumaa picha ikatundikwa, katikati ya wastaafu waliokauka kama misumari. Sentimita alipanda ngazi, akavua utepe shingoni, akapima kutoka darini upande huu na upande ule, akatangaza kwamba imelala nusu sentimita kushoto. Hakuna aliyemsikiliza. Mama mmoja mjamzito, uchungu umemshika, alikuwa anapita akijikongoja na ukuta. Alipofika kwenye ile picha alisimama, akaikodolea macho, akashusha mabega, akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa mdomo.

Sentimita naye, ngazini, akajikuta anafanya vivyo hivyo.